Wakesho Akataa Kutasa

Walipomtaka Wakesho aondoe kinyongo kabla ya harusi ya Abby, walimwomba akakiondolee nyuma ya zizi, upande ambao upepo haurudi nyumbani.

Aliyeleta ombi hilo ni kaka yake Mwandawiro, mwalimu mstaafu na baba wa bi harusi. Alilitoa kwa sauti ya chini akiwa nje ya ua, kwa maana tangu mwaka uliopita hakuwa akiingia kwa dada yake. Ukungu wa Werugha ulikuwa bado umelalia kabichi. Wakesho alikuwa akikamua, na hakuacha kukamua.

Kwa Wadawida, Wataita wa milimani, kinyongo si kitu cha kufugwa moyoni. Hasira ya ndugu, hata asiyesema neno, huweza kumfuata bi harusi mpaka kwake, mimba ikaharibika, mtoto akazaliwa mnyonge. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira hupiga funda la pombe ya miwa, au maji matupu akiwa mtu wa kanisa, akalipuliza chini huku akisema amewaachilia. Wachungaji wamehubiri dhidi ya jambo hili tangu zamani na watu wameitikia amina, lakini harusi ikikaribia hakuna anayependa kubahatisha.

Shida ni kwamba Wakesho ana homa ya ini aina ya B, na ukoo mzima unaamini ugonjwa huo umo katika mate yake. Waliitaka hasira itoke kwa kinywa kilekile walichokiogopa.

"Nyuma ya zizi," Wakesho akarudia. "Na funda nitalipigia kwa kikombe cha nani?"

"Tutakuletea kipya."

"Halafu mkitupe."

Ndivyo walivyokuwa wamepanga.

Ugonjwa wenyewe Wakesho aliujua kwa sababu ya wema wake. Mke wa Mwandawiro alipofanyiwa upasuaji Voi, jamaa waliombwa damu, na yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Damu ikakataliwa. Baada ya vipimo zaidi, afisa wa kliniki aitwaye Ngui alimweleza bila kuzunguka. Virusi hivi hukaa kwenye ini miaka mingi bila kelele. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Haviambukizwi kwa sahani, wala kwa kukumbatiana, wala kwa maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa na mgonjwa. Si kila aliye navyo huhitaji dawa, ila ini la Wakesho lilikuwa limeanza kuumia. Angemeza kidonge kila siku. Kidonge hakivimalizi virusi, bali huvizuia visiendelee kulila ini.

Alifika nyumbani akaeleza yote hayo. Walisikia neno moja tu, kwamba huambukizwa. Sahani yake ikatiwa alama kwa rangi ya kucha. Akina mama wa kanisa wakamwambia apumzike zamu ya chai. Na wakati huohuo wembe wa nyumbani kwa Mwandawiro uliendelea kunyoa kichwa baada ya kichwa, ukifutwa kwa kitambaa. Hilo ndilo lililomchemsha Wakesho. Wanamkimbia anapopiga chafya, na damu wanabadilishana wenyewe kwa wenyewe kila wanaponyoana.

Mwandawiro hakuwa mtu mbaya. Alimletea dada yake chupa ya soda iliyojaa maji meusi ya mizizi, kutoka kwa mtu anayeuza dawa kwa kipaza sauti pembeni mwa soko Voi. Muuzaji alikuwa ameonya kwamba dawa yake haitaki kuchanganywa na ya hospitali. Wakesho akaacha vidonge, akanywa maji meusi. Haukupita muda macho yakawa manjano kama kiini cha yai, mkojo mweusi kama chai isiyo na maziwa. Akapelekwa Voi akiwa hawezi kukaa wima.

Ngui alikasirika. "Mama, ungeniletea hiyo chupa kwanza. Tangawizi kunywa, maombi omba, mboga zako kula, upumzike. Hayo yanasaidia. Pombe usiguse, na mahindi yenye ukungu usiwape hata kuku. Lakini kitu usichokijua kinapita kwenye ini lilelile linalougua. Na kuacha vidonge ghafla ni kuvifungulia virusi mlango."

Kisha akamuuliza habari za mama yake. Wakesho akasema alifariki tumbo limefura na mikono imekonda kama mpini wa jembe. Ukoo ulisema jirani amemroga, na jirani huyo alisemwa mpaka akahama. Ngui akasema huenda ni virusi hivihivi, na huenda mama aliwaambukiza wote wawili walipozaliwa; kaka yake apimwe, asichelewe.

Tangu siku hiyo Wakesho alikuwa akimsihi Mwandawiro naye akimjibu kwamba mwili wake una nguvu. Lakini mshipi wake ulikuwa umerudi matundu mawili ndani, chakula alikuwa akikisukuma pembeni, na maji meusi alikuwa akiyanywa yeye mwenyewe sasa, eti kinga. Wakesho aliyaona yote kutoka ng'ambo ya ua, kama mtu anayetazama mama yake akifa mara ya pili.

Kwa hiyo asubuhi hiyo aliinuka, akaweka ndoo ya maziwa chini.

"Hasira ninayo, sikatai. Na sitaitema mpaka upimwe."

"Unamlaani mtoto, Wakesho."

"Sijamlaani mtu. Nimenyamaza tu. Nyinyi ndio mnaoogopa ukimya wangu."

Wakaja wajumbe. Walikuja shangazi wa Chawia, wakaja wazee wa kanisa na Biblia zao, ingawa kilichowaleta hakimo ndani yake. Binamu mmoja mcheshi akauliza kama hii bado ni harusi ama imekuwa kampeni ya chanjo. Wakesho akamjibu ni harusi, na bwana harusi naye apimwe.

Aliyevunja mkwamo ni Abby. Bila kuaga mtu aliteremka Wundanyi, akapimwa, akakutwa hana virusi, akachomwa chanjo ya kwanza. Akarudi akamkuta baba yake mezani na wageni.

"Baba, sitoki hapa na kinyongo cha shangazi mgongoni," akamwambia. "Kesho nenda Voi."

Mwandawiro akaenda, Wakesho ubavuni. Majibu yalikuwa yale Wakesho aliyoyaogopa: virusi vipo, na ini limeanza makovu. Ngui alisema hajachelewa kabisa, lakini amechelewa. Akaandikiwa vidonge, akaambiwa maji meusi yakamwagwe.

Wakiwa kwenye benchi nje, Mwandawiro aliikunja karatasi ya dawa. "Ungeniambia kwa nguvu zaidi," akasema.

Wakesho akamgeukia. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kusoma!

"Nilikwambia ukiwa nje ya ua wangu," akasema. "Ungeingia ungesikia."

Siku ya kumtoa Abby, hakuna aliyetaja zizi tena. Wakesho alisimama katikati ya sebule ya kaka yake, akachukua kikombe kimoja cha kabatini, akapiga funda la maji, akalipuliza sakafuni.

"Abby, nenda kwa amani. Kaka, nimekuachilia, meza vidonge vyako. Ile ya mama, aliyekufa mkisema amerogwa, sijaitema. Hiyo ninabaki nayo."

Mzee mmoja akanong'ona kwamba mtu hatasi nusu. Wakesho akajifuta mdomo kwa kiganja, akageuka, akauliza ni nani humo ndani ambaye bado hajapimwa.