Kibofu Kipya cha Fundi Suti

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Wanamwita Sindano kwa wembamba wake. Siku za upepo tulikuwa tukimfunga kwenye mguu wa meza. Tangu ujana ana mwiko mmoja: hainuki kitini mpaka mkono wa koti ushikane na bega. Mkojo ungoje foleni kama wateja.

Saratani ilipoingia kibofuni, madaktari walikiondoa chote, wakakata kipande cha utumbo wake mwenyewe wakamshonea kingine. Alipozinduka aliuliza wametumia uzi gani. Kusikia ni uzi unaoyeyuka, alinuna wiki nzima.

Nesi alimweleza kwamba kibofu cha utumbo hakijikamui wala hakimwiti mtu kikijaa. Ataongozwa na saa: aende, akae, alegeze, aminye tumbo, amalize. Miezi ya kwanza alivuja, hasa usingizini. Alivaa pedi bila kulalamika. Nililalamika mimi, mfua mashuka.

Basi akawaza kifundi: nguo ikibana, hutanuliwa. Akaanza kujizuia makusudi, kwa muda wa saa sita, hata saba, akishona tu. Siku moja akaenda msalani, halikutoka hata tone. Tukamkimbiza hospitali, wakamtia mpira wa kutolea mkojo. Ukatoka mkojo wa kujaza birika la ng'ombe, wala sijazidisha sana.

"Fundi," nesi akamwambia, "kibofu hiki kikishalegea kama gunia, hakikamuki tena. Na figo zikiharibika, sina kiraka."

Akatoa simu yake, akamwomba nesi amtegee kengele ya saa za msalani. Nikajua amesikia, maana yeye asiposikia hubisha.

Wiki iliyofuata nilikuwa dukani kwake. Bwana harusi mmoja kasimama mikono kaitandaza, koti limejaa pini. Kengele ya simu ya Sindano ikalia. Akaweka makasi chini.

"Usishushe mikono, bwana."

"Unakwenda wapi? Nina pini kwapani."

"Kukojoa. Nikichelewa, koti atalimalizia dada yangu huyu, na hajui hata kutunga uzi."

Akakaa huko robo saa nzima. Nimeona wanaume wakijisifia ushujaa, lakini kuacha mkono wa koti ukining'inia baada ya miaka arobaini, huo sijauona kwa mwingine.

Miezi mitatu baadaye nesi alipima mkojo uliobaki kibofuni baada ya kukojoa: vijiko viwili. Figo salama. Usiku bado huvuja mara mojamoja, hilo sifichi. Mchana, simu ikilia, wateja wenyewe humpisha mlangoni.