Waya Aliouleta Mpita Njia

Sisimulii hadithi. Jambo hili lilitokea nyumbani kwangu, hapa Tabora, na mke wangu yu hai, mtamuuliza. Ila mwandikieni, kwa maana hasikii.

Masikio yake yalizibwa na homa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Moravian tangu usichana, na nilipomwona anatazama midomo ya wenzake ibadani, nilishindwa kustahimili. Mtu akaniambia mlio mzito wa sabufa huingia mwilini hata kwa asiyesikia. Nikanunua, kisha nikaenda mtaa wa Ng'ambo kutafuta waya wa kuiunganisha na redio.

"Shikamoo mzee. Redio iko wapi, na sabufa iko wapi?" muuzaji aliuliza.

"Marahaba. Redio sebuleni, sabufa chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda? Unataka kumtikisa nani, mzee?"

Nikacheka, nikamweleza. Akaacha mzaha. Alinionyesha waya mnene wenye wavu wa shaba ndani, unaozuia mvumo, lakini ulikuwa mfupi. Mrefu ulikuwa mwembamba. "Huu utavuma. Na usiupitishe karibu na waya wa umeme," akaonya. Nikachukua mrefu. Ningefanyaje?

Ukavuma kweli. Mke wangu akagusa kitanda, akasema kwa ile sauti yake kubwa ya sasa, "Baba Eliya, umenilaza juu ya mzinga wa nyuki."

Jioni moja, jua linazama, mzee nisiyemjua alisimama mlangoni. Begani alikuwa na bunda la waya mweusi, mnene, na bega lenyewe lilikuwa na nundu ngumu kama ya ng'ombe.

"Waya wenu unalia," alisema. "Huu haulii."

Kabla sijajibu, mke wangu aliona mgeni ana mzigo. Ninyi mnajua tulivyolelewa. Mgeni hasimami na mzigo wake. Akanyoosha mikono. "Karibu baba, nikupokee." Yule mzee akainamisha bega, akamwachia.

"Nimetua," akasema, akashusha pumzi kama mtu aliyetembea miaka.

Niliingia kuchukua kigoda. Nilipotoka hakuwapo, na uani palipofagiliwa hapakuwa na unyayo. Niaminini.

Kwa nini niliuunganisha waya ule? Kwa sababu urefu wake ulifika hadi kitandani, na mvumo ukakatika. Kwaya ilipoimba, mke wangu aliweka viganja kitandani, akaupata wimbo, akalia. Nikamshukuru Mungu.

Siku chache baadaye nilizima redio, naye akanishika mkono. "Usizime."

Nikamwonyesha plagi, nimeichomoa.

"Basi hawa wanaotembea ni akina nani?"

Nikaweka kiganja juu ya sabufa. Miguu. Miguu mingi, ya watu waliobeba vizito, ikienda bila kupumzika.

Tangu hapo hakutulia, nami sikutulia. Alizunguka nyumba, akala amesimama. Alfajiri moja nilimkuta mlangoni, amekunja kanga kuwa ngata, ameiweka begani.

"Wananingoja," alisema. "Mzigo niliupokea mimi."

Nikaelewa. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, na wengine waliangukia njiani na mizigo yao. Kwetu kumpokea mtu mzigo ni heshima. Kwa yule mzee ilikuwa kupokezana zamu.

Niliung'oa waya, nikaukunja tena kuwa bunda, nikaiondoa ngata begani mwa mke wangu, nikaiweka kwangu, na bunda juu yake. Nikatoka kwa njia ya zamani ya misafara, iendayo Kwihara. Bunda lilikuwa jepesi mlangoni. Nilipoziacha nyumba nyuma lilikuwa zito kama pembe, na pande zote mbili vumbi lilitimka bila mtu. Niliposhindwa kuinua mguu nililitua chini, nikapiga magoti, nikamwomba Bwana awapumzishe wenye mzigo, kwa majina yao asiyoyasahau. Vumbi likapita. Likaenda mbele, bila mimi.

Waya ule niliuacha palepale; wa dukani tumeufunga tena, na unavuma. Mke wangu analala vizuri, ingawa wimbo anaupata nusu tu. Mimi begani nimeota nundu. Hospitali wameipima, hawajui ni nini. Haiumi, ila mvua ikikaribia huwa nzito, na miguu yangu hutaka kwenda.

Wapokeeni wageni, ndugu zangu, Mungu ameagiza. Lakini kabla hujanyoosha mikono, muulize mgeni mzigo wake unakwenda wapi.