Mlango wa Choo Chetu

Ziwa liliporudi nyuma pale Kalokol, mzungu mmoja aliiacha mchangani mashua ya mbao aliyoshindia mbio za matanga, akamwachia mlinzi. Baba, seremala wa Lodwar, akainunua kwa huyo mlinzi kama kuni. Mbao nzuri vile, nani achome? Zikawa mabenchi ya kanisa Kakuma, na ubao wenye jina la mashua ukawa mlango wa choo chetu.

Katikati ya miaka ya tisini mzungu akaja kwetu, amezeeka, akiiulizia. Baba akaapa hajui ilikokwenda. Baada ya chai mgeni akaomba choo. Mjinga gani angeshindwa kusema kimejaa? Sisi sote. Alisimama mbele ya mlango, akayapapasa maandishi. Alipotoka aliufunga polepole, kwa mikono miwili, akaja kumshukuru Mama kwa chai.