Mgeni wa Miezi Tisa

Mama Josiane aliniudhi tangu alipokaa. Kila Jumamosi najitolea pale kanisani Linden, mtaa wa hapa Columbus, kuwajazia watu fomu za kodi, na swali langu lilikuwa dogo tu: alihamia Columbus tarehe ngapi?

"Miye sikuhama," akasema. "Nilikuya tu kutembea."

Kutembea gani miezi tisa, jamani! Alipunguzwa kazi kwenye ghala moja kule Louisville, Kentucky ikawa inamlipa pesa za waliokosa kazi, naye akazipokelea huku Ohio, kwa binti yake. Nikamweleza taratibu. Kama umehama, pesa ulizopata ukiwa huku zinakatwa kodi ya huku, na lazima niandike siku uliyohama. Kama kwako bado ni kule, zote ni za Kentucky, wala tarehe haihitajiki.

"Sasa mama, una nia ya kurudi au huna?"

 Hapo yakatoka yote. Alipokosa kazi, mumewe Hyacinthe alimwambia mbele ya wageni kwamba anakula bure. Akafunga begi, akaiacha nyumba yao ya South End, kule Louisville. Kwao Bukavu, mke akiondoka kwa hasira, mume humfuata, huomba msamaha, humrudisha. Mwanamke mwenye heshima zake harudi mwenyewe. Basi akawa anangoja. Gari lolote likisimama nje kwa Josiane, mama yuko dirishani.

"Ninamutamani, Dada," akasema, wala hakuona haya. "Hata kukoroma kwake."

Hasira zangu ziliniishia hapo hapo. Lakini fomu ni fomu: miezi tisa bila kufuatwa, mimi niliihesabu ni kuhama, na tarehe hakuikumbuka, au alisema hakumbuki. "Basi mpigie mumeo umuulize," nikamwambia.

Akapiga, akaweka sauti juu. "Nilitoka nyumbani tarehe gani? Ni ya kodi."

Mzee hakufikiri hata kidogo. "Tarehe kumi na saba, mwezi wa sita. Ilikuwa Jumanne. Ulivaa kitenge ya kijani."

Nikaandika. Mama Josiane alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Bon. Kama unakumbuka vile, juu ya nini haukuya kunichukua?"

 

"Nilizani ulishahama," Hyacinthe akasema.

Mama Josiane akanigeukia, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Dada," akasema, "futa ile tarehe."