Petali Iliyoachwa Wazi

Watu wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, husema mimi nina macho ya polisi. Waseme tu. Sikuzaliwa nayo. Ukikimbia nchi yako ungali mtoto, ukalala kwa watu usiowajua, ukaambiwa leo sema umetoka huku, kesho sema umetoka kule, utajifunza kumtazama mtu mara mbili kabla ya kuitikia salamu yake. Ndiyo maana siku nilipoona kile kitambaa cha meza kikining'inia dukani Rwekubo, mji mdogo jirani na kambi, sikusema ni kizuri. Nilisema, "Nani ametuibia?"

Lilikuwa ua la mama. Si ua linalofanana na la mama, hapana, lenyewe! Petali tano, shina limepinda kidogo, majani mawili chini, na ile petali ya juu upande wa kulia imezungushiwa uzi pembeni tu, katikati haina kitu. Hakuna mtu mwingine duniani anayeacha ua hivyo. Nililijua kabla sijaligusa.

Mama alifundishwa kutarizi na wamama wa misheni, kule kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, alipokuwa msichana. Husema bibi yake hakujua sindano. Yeye alipamba mikeka kwa nyasi zilizotiwa rangi. Wamisionari walipoleta sindano na lile duara la mbao la kukazia nguo, walitaka wasichana watarizi waridi la vitabuni. Wasichana wakatarizi waridi pale walipokuwa wakitazamwa, na wakirudi nyumbani walitarizi nakshi za mikeka ya bibi zao. Ua letu limetoka huko. Msichana akikaribia kuolewa alitengenezewa mashuka, foronya na kitambaa cha meza, na mama aliongeza jambo lake nyumbani mwetu. Kila binti alipewa kitambaa chenye petali moja iliyoachwa wazi. Siku ya kwenda kwa mume, binti anaijaza mwenyewe, mama akiwa ameketi mbele yake. Mimi yangu niliijaza hapa kambini huku nikilia kama mtoto. Mume wangu alipofariki nilirudi kwa mama na kitambaa changu kwapani.

Cha dada yangu mkubwa hakikujazwa. Mwaka 1996, tulipokuwa tunakimbia vita, risasi zilitawanya watu barabarani. Mama, kaka na mimi tukaingia kwenye shamba la mihogo, dada akakimbilia upande wa pili wa barabara. Hatukumwona tena. Mama alikuwa amejifunga kitambaa cha dada kiunoni, chini ya kitenge, na katika vitu vyote vya nyumbani ni hicho tu kilichofika Nakivale. Kinakaa kwenye sanduku la bati, chini ya nguo zote. Anayekianika na kukikunja ni mimi peke yangu, na mimi hukikunja mara tatu.

Mwenye duka aliponiona nimeganda pale alidhani nataka kununua. "Hicho kina kasoro kidogo, mama. Uzi ulimwishia fundi. Nitakupunguzia."

Nilikigeuza nyuma. Mama alitufundisha kwamba mbele ya kitambaa hudanganya, ukitaka kumjua mtarizi tazama nyuma, maana huko ndiko anakoficha mafundo na haraka zake. Nyuma ya kile hakukuwa na fundo. Nyuzi zilikuwa zimelala sawasawa, na chini yake kuna karatasi nyeupe imegandana na nguo. Nikasema, hapa hakuna mkono wa mtu.

"Kimetoka wapi?"

"Mbarara. Mtaa wa Kakoba, kwa fundi wa cherehani ya kompyuta."

Nilirudi nyumbani nimefura. Sikumsalimu mtu. Nikafungua sanduku, nikatoa nguo mpaka chini. Kitambaa cha dada kilikuwepo, lakini kilikunjwa mara nne. Nikakinusa. Kilinuka mafuta ya cherehani. Mungu wangu, nilikipiga teke lile sanduku!

Nyumba ile tulikuwa watatu wakati wa mchana: mama, mimi, na wifi yangu, mke wa kaka. Mama macho yalikuwa yameingia ukungu, hata maharagwe alikuwa akiyachambua kwa kupapasa. Akabaki nani? Wifi. Wifi ndiye aliyempeleka mama Mbarara kupima macho, si mara moja, na mama akarudi bila miwani wala tone la dawa. Na wifi ndiye aliyekuwa na viatu vipya.

Nilimkuta jikoni akisonga ugali. "Wifi, yale macho ya mama mulienda kuyapima fasi gani?"

"Hospitali."

"Hospitali gani?"

"Ile kubwa."

"Mulango wake unatazama wapi?"

Akacheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa limekauka. "Weye wifi, kwani niko mbele ya polisi?"

"Ungekuwa mbele ya polisi ungesema kweli."

Mama akakohoa kutoka mlangoni. "Umuache mwenzako asonge ugali," akasema. Na hiyo nayo niliiweka moyoni. Mama hakuuliza tunagombania nini. Mtu asiyeuliza ana lake analolijua. Nilikula nikitazama viatu vya wifi, nikaona wazi kabisa jinsi ua la dada yangu, dada yangu asiye na kaburi, lilivyouzwa likawa viatu.

Asubuhi nilikitia kitambaa cha dada kwenye mfuko, nikapanda gari la Mbarara bila kumuaga mtu.

Fundi wa Kakoba nilimpata upesi, kwa sababu ukutani mwake palijaa beji za shule na majoho ya kwaya. Nilikuwa nimezoea mafundi wa zamani wa mjini, wale waliong'oa kile kiguu cha kukandamizia nguo kwenye cherehani ya kukanyaga wakawa wanasogeza duara kwa mikono yao, na jina la mtoto likatokea kwenye sweta. Yule ulimwona anavyotoka jasho, na akikosea unamwona anavyokosea. Hii ya kompyuta haikushikwa na mtu. Duara lilikwenda lenyewe mbele na nyuma, sindano zikipiga kama mvua juu ya bati, kisha mashine ikasimama, ikakata uzi, ikabadili rangi, ikaendelea. Fundi alikuwa anakunywa chai! Niliichukia mashine ile, na sikuweza kuacha kuitazama.

"Karibu, nyabo," akasema. Ndivyo Waganda na Wanyankore wanavyomwita mama kwa heshima.

"Lile ua lenye petali tupu, nani amelichora?"

Akaweka kikombe chini. Alinitazama mimi, akatazama mfuko wangu, akatazama mlango kama kuna mtu mwingine nyuma yangu. Nikajua mara moja kwamba huyu naye ana macho kama yangu. "Nilitoa kwa intaneti. Kwani wewe umetumwa na nani?"

"Intaneti?" Nikakitoa kitambaa cha dada, nikakitandaza juu ya meza yake, juu ya chai na kila kitu. "Hii ndiyo intaneti yako!"

"Banange!" Akainua kikombe haraka, akainama. Alipitisha kidole kwenye ua, polepole. "Hii ndiyo yenyewe. Iko ile ya muzee."

"Muzee gani?"

"Ile mama muzee. Alikuja na binti moja anamushika mukono. Macho yake si mazuri. Nilipiga picha, nikafuata kila uzi kwa kompyuta, kazi mingi sana. Ile petali nilitaka kujaza. Muzee alinipiga hapa." Akanionyesha mkono wake. "Alisema nikijaza, anaenda na kitambaa yake."

"Ulimpa nini?"

"Alikataa kila kitu. Alisema tu nitengeneze mingi, niuze mbali. Nikauliza mbali wapi. Akasema kila pahali gari inafika."

Niliketi. Kulikuwa na benchi la wateja, nikaketi hapo bila kukaribishwa. Mama hakuwa ameibiwa kitu. Mama alikuwa anamtafuta mtoto wake. Kwa mkono wake, hata macho yangekuwa mazima, angetarizi kitambaa kimoja kwa muda mrefu na kingeishia kwenye meza moja. Mashine ingelituma ua kila mahali, na katika watu wote watakaoliona, wakalicheka kuwa halikumalizika, ni mmoja tu angejua kwa nini.

Nikamuuliza fundi, sauti yangu ikiwa ndogo, "Kuna mtu amekuja kuuliza?"

Akageukia mashine yake. Akagusa kitufe ambacho hakikuhitaji kuguswa.

"Fundi. Nimekuuliza."

"Nyabo, mimi niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Mwanamuke moja alikuja. Kabla ya musimu wa mvua. Anasema Kiswahili kama yako. Akauliza kama wewe: nani alichora? Nikafikiri ni mwenye ua anataka kunishtaki. Nikasema intaneti. Akauliza tena, tena. Nikasema intaneti. Sasa akaomba sindano na uzi. Akakaa hapo unakaa. Alichukua kitambaa ya duka, akajaza ile petali. Nikafikiri huyu ni kichaa. Alimaliza, akaacha kitambaa kwa meza, akatoka."

"Kiko wapi?"

Akanyoosha kidole nyuma yangu. Kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya kichwa changu, kwa sababu wateja walipenda ua lililojaa.

Nilipanda juu ya benchi nikakishusha. Petali nne zilikuwa za mashine, zinang'aa, zimelala sawa. Ya tano ilikuwa ya mkono wa mtu. Nikakigeuza nyuma. Nyuma ya ile petali kulikuwa na fundo dogo, na nyuzi zilikuwa zimelalia upande usiokuwa wetu, upande wa mtu anayeshika sindano kwa mkono wa kushoto. Dada yangu alikuwa wa kushoto. Walimu walimchapa mpaka akaandika kwa kulia, nyumbani tukamkemea mpaka akala na kupeana kwa kulia, lakini sindano haikuhama.

Nilipiga kelele. Sitaficha. Watu wa duka la pili walitoka nje. "Neno moja! Ungemwambia neno moja tu, kuna mama muzee Nakivale, ungepungukiwa nini? Alikuwa hapa! Alikaa hapa!"

Fundi hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Na wewe vile uliingia hapa, nyabo, na ile sura, ningejua vipi?"

Nilishuka benchini. Nilimuuliza alikoelekea yule mwanamke, akasema kwenye magari ya upande wa Masaka. Nilifuata barabara hiyo mpaka Biharwe. Niliuliza kwa wauza ndizi, kwa waendesha boda, kwa mama mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya kanisa. Kila mtu alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Unamtafuta wa nini? Amekukosea nini?" Ndivyo ningewauliza mimi. Nilirudi Nakivale na vitambaa viwili.

Mama alikuwa mlangoni. Nilimwekea kile cha mashine mapajani. Vidole vyake vilipita kwenye petali ya kwanza, ya pili, vikazunguka, vikafika kwenye ya tano vikasimama. Akakigeuza nyuma. Akapapasa tena, muda mrefu.

"Wa kushoto," akasema. "Mutoto wangu iko muzima."

Akalia, nami nikalia, na wifi aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia akatoka akalia na sisi. Baadaye nilimuuliza mama kwa nini alinificha.

"Juu weye ulishasema amekufa. Na ungepiga makelele."

"Nimepiga tu."

"Nilijua."

Viatu vya wifi, kumbe vilinunuliwa na kaka yangu. Ndivyo wanavyosema.

Tangu siku ile mama hakubali kutoka. Hata kanisani haendi, wazee wa kanisa humjia nyumbani kuomba naye. Nikimwambia twende angalau mpaka kwa jirani, anauliza, "Na akifika akute mulango umefungwa?" Fundi naye nilimrudia, safari hii nikamsalimia kwanza. Sasa kila kitambaa anachotoa kina neno Nakivale chini ya shina, kwa herufi za mashine, na petali bado iko wazi. Mtu akimuuliza, anaeleza yote, hata asichoulizwa.

Mimi nauza vitambaa hivyo Rwekubo, pale magari yanaposhushia watu. Huu ni mwaka wa 2015 na macho yangu ya polisi hayajapona. Kila mwanamke wa umri wake anayeshuka akisema Kiswahili cha kwetu namshuku. Sura siiamini, kwa maana ni miaka mingi. Mkono anaotolea nauli siuamini pia, kwa sababu adabu tulifunzwa wote. Basi namwita, nampa kitambaa na sindano yenye uzi, namwambia, "Dada, macho yananiuma leo, nisaidie kushona hapa kidogo." Wenzangu wa sokoni hunicheka, ati mimi ndiye mfanyabiashara pekee anayewapa wateja kazi. Waache wacheke. Mwanamke anaweka mzigo chini, anaipokea sindano, nami naangalia ni mkono gani.