Saa Kumi na Tatu za Bi Masaa

Tulimwita Bi Masaa, naye alicheka tu. Miaka kumi na minne nilikaa meza inayotazamana na yake, katika ofisi ya kukata tiketi za ndege juu ya duka la viatu, na sikumwona hata siku moja akifungua kompyuta kutafuta umbali. Umtajie kiwanja cha huku na cha kule, kilomita na saa zilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Na mguu wake haukuwahi kukanyaga ngazi ya ndege, na hilo ndilo tulilomtania nalo.

Alikuwa na mtindo mmoja nisioupenda. Mteja akimuuliza safari itachukua muda gani, alimtajia saa za hewani peke yake. Kusubiri ndege ya pili kwenye kiwanja cha katikati hakukuhesabu.

"Ukiwaambia yote wanaogopa, mdogo wangu," alinijibu. "Kwani kukaa kwenye kiti nako ni kusafiri?"

Wateja walirudi wamevimba miguu na manung'uniko, lakini walirudi kwake yeye, si kwangu.

Siku moja simu ikalia. Ni wifi yake, kutoka kilomita elfu kumi na mia nne. Mdogo wa kiume wa Bi Masaa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa kitandani na madaktari walikuwa wamenyoosha mikono. Akapewa simu mgonjwa mwenyewe.

"Dada, unakuja?"

"Nakuja, baba. Kesho saa mbili asubuhi ndege inaruka. Saa kumi na tatu tu, nimefika."

Ulimi ulishazoea. Mimi nilijua kuna saa tisa za kusubiri katikati, na nilipaswa kumkanyaga mguu chini ya meza. Nilimwona analia, nikanyamaza. Kunyamaza kule kunanisuta mpaka leo.

Saa zile tisa alizikaa kwenye kiti cha chuma, simu yake haishiki mtandao, na haya hazimruhusu kuomba ya mtu. Alipofika hospitali alimkuta mdogo wake amelala, pumzi fupi fupi.

"Amekungoja, wifi," mke wa mgonjwa alimwambia. "Walitaka kumdunga sindano ya maumivu, akakataa. Alisema itamlaza, na wewe uko karibu kuingia. Tukamwambia huenda ndege imechelewa, akasema dada yangu hakosei saa. Ameuma shuka mpaka saa kumi na tatu zikaisha. Ndipo akakubali sindano."

Hakuamka tena. Siku mbili Bi Masaa alimshika mkono, akimwomba radhi.

Aliporudi kazini nilimkalisha, nikamletea chai, nikamuuliza kama kijana aliacha neno lolote kabla ya kulala.

"Aliwaambia nikifika wasinigombeze," alisema. "Alisema pengine nimepotea njia, maana sijawahi kupanda ndege."