Nilimtania Mtani Wangu Gazetini Huku Nimejificha

Jamani, kosa ni langu mwenyewe, shetani leo nampumzisha. Mtu aliyenipokea ugenini nilimfanya kichekesho cha nchi nzima, tena nikiwa nyuma ya jina la uongo. Nikimaliza kusimulia, mnicheke au mnisonye, vyote nastahili.

Mimi ni Mzaramo, naishi Hjulsta, kituo cha mwisho cha treni hapa Stockholm, Sweden, na kazi yangu ni kulea watoto kwenye shule ya chekechea. Miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili nilikuwa na kazi nyingine ya siri: safu ya siasa katika gazeti moja la wiki la Dar es Salaam. Wasomaji walidhani ni mwanamume fulani mzito anayekunywa kahawa na mawaziri. Kumbe ni mimi, mikono imejaa rangi za watoto!

Mwanzoni mambo yalikuwa moto. Lakini siasa ya nyumbani ukiitazama kwa mbali, kwenye kompyuta, mwisho inakuishia. Mhariri akaniandikia barua pepe, akasema kwa upole kwamba siku hizi nasomeka kama taarifa ya habari. Nikaogopa. Safu ile ndiyo iliyonifanya nijione bado ni mtu huko kwetu.

Basi Jumapili moja Watanzania wa huku tukakutana kwenye ukumbi wetu wa chini ya jengo kule Rinkeby. Mwenyekiti wa chama chetu, Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, alikuwa amekalia kiti miaka na miaka. Kila mkutano wa mwaka anasema anaachia, ila apewe muda kidogo akabidhi vizuri. Na pilau haipakuliwi mpaka yeye aonje chumvi. Anaonja huku, anaonja kule, nyama zinapungua!

Nikarudi nyumbani nikayaandika yote, ukumbi nikaugeuza wizara, mwenyekiti nikamgeuza waziri. Loh, Dar ilivunjika mbavu! Kila mtu akaapa kwamba huyo kiongozi mwonja chumvi anamjua. Mhariri akataka mengine. Nikampa, wiki baada ya wiki, mpaka kikatoka kitabu.

Moyoni nilijitetea kwa utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, tunatukanana hata msibani na hakuna anayenuna. Mzee Maganga mwenyewe kila akiniona aliniuliza kama nimezima jiko, maana sisi Wazaramo tukisikia ngoma tunaacha chungu kiungue. Nikajiambia, namrudishia tu.

Sasa sikilizeni balaa. Mgeni mmoja kutoka Dar alituletea kitabu kile, na aliyekipenda kuliko wote ni Mzee Maganga! Akawa anakuja nacho mkutanoni, anatusomea tukingoja chakula, anajipiga mapaja. Alisema huyu mwandishi anawajua viongozi wetu ndani na nje. Watu wanatazama sufuria, wanamtazama yeye, wanakohoa. Mimi nilikimbilia chooni kucheka.

Lakini ndani ya kitabu kulikuwa na sura moja ambayo, wallahi, ningeweza kuimeza ningeimeza.

Mkewe alipofariki nilikwenda kumpa pole nyumbani kwake Fisksätra. Akaniambia, mimi peke yangu, kwamba uenyekiti haumpi kitu, ila akikaa nyumbani hakuna wa kumwamkia, na kule Rinkeby angalau watu wanampa shikamoo. Wiki ile sikuwa na cha kuandika. Nikaandika kuhusu kiongozi anayeng'ang'ania ofisi kwa sababu nyumbani kwake hata paka hamsalimu.

Jumapili moja mkutanoni akaifikia sura hiyo, akakomea katikati. Akavua miwani. Hakumtazama mtu mwingine yeyote, alinitazama mimi. Kisha akafunga kitabu, akavaa koti, akaondoka, na pilau ikapakuliwa bila kuonjwa.

Jamani, nilijuta! Mkutano uliofuata hakuja, wala ule wa baada yake. Simu hapokei. Na huyu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika Sweden na kandambili zangu katikati ya theluji! Watu wengine nao wakaanza kunikwepa, kila mmoja anaogopa kuandikwa.

Nikamweleza mhariri ukweli wote: kwamba naishi Stockholm, na waziri wetu ni mzee mmoja mjane. Safu akaifuta wiki ileile, akasema wasomaji hawapendi kudanganywa. Nililia, kisha nikapanda treni kwenda Fisksätra na kuku. Kwa desturi yetu, mtani ukimvukia mipaka unamlipa kuku. Kumpata kuku hai huku ni kesi, kwa hiyo nilibeba wa dukani, kaganda barafu.

Mzee akafungua mlango, akamtazama kuku, akanitazama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Huyu kuku mbona mgumu kama moyo wako?"

Nikaanza kuomba radhi, nikataja utani. Akanizuia kwa mkono.

"Ya chumvi nimecheka, ni kweli naonja sana," alisema. "Lakini mtani humsema mtu akiwa mbele yake, ili naye ajibu. Wewe umenisema umejificha. Mimi ningemjibu nani?"

Akaniambia niingie, nimweke kuku kwenye sinki, kisha nimsomee kitabu kizima kwa mdomo wangu mwenyewe, nikimtazama usoni.

Nikasoma. Kila sura alinijibu, na majibu yake yalikuwa makali kuliko maandishi yangu! Alinitukana mimi, ukoo wangu na ngoma zetu mpaka nikashika mbavu. Tulipofika sura ya paka, sauti ikanikwama. Alingoja. Nikaisoma yote, machozi yananitoka.

"Hiyo haina utani," alisema, akaenda jikoni kumgeuza kuku kwenye sinki.

Siku hizi tunatukanana vizuri tu, na kila asubuhi nikienda kazini nampigia kumwamkia. Gazetini sijarudi.

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayependa kuandika, gazetini au huko kwenye mitandao, usinione mjinga peke yangu. Kabla hujamsema mtu mbele ya umma, nenda kwake kwanza, ukamsomee uso kwa uso. Mahali sauti itakapokukwama, hapo futa.